Misonobari ya Sindano Ndefu Kwenye Nchi ya Mchanga: Kusoma Dalili na Kutafuta Kisababishi

Misitu ya msonobari wa sindano ndefu, ambao jina lake la kisayansi ni Pinus palustris, ilienea zamani kuanzia kusini-mashariki mwa Virginia hadi Florida na kufika mashariki mwa Texas, ikifunika zaidi ya hekta milioni 30 za Marekani. Ukataji wa mbao, ugemaji wa utomvu, upanuzi wa mashamba na mifugo iliyozurura ovyo viliipunguza sana, na desturi ya karne ya 20 ya kuzima kila moto ikamalizia kazi, hata ikabaki chini ya asilimia 5 ya eneo la awali. Mwongozo huu unahusu sehemu moja ya mabaki hayo, yaani misitu iliyo juu ya vilima vya mchanga mwingi vya Carolina Kaskazini, Carolina Kusini, Georgia na kaskazini mwa Florida, na umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeitunza misitu hiyo au anayejifunza kuisoma.

Msomaji aliyezoea misonobari ya Sao Hill kule Mufindi, iliyopandwa kwa mistari na kulindwa dhidi ya moto mwaka mzima, itambidi aweke mazoea hayo kando. Katika msitu huu miti husimama mbali mbali, jua hufika chini, na moto mwepesi wa nyasi ulipita kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, au hadi mitano kwenye migongo mikavu zaidi. Utajiri wa mimea hauko juu kwenye matawi. Uko chini, kwenye nyasi na maua yasiyofika magotini: katika Green Swamp ya Carolina Kaskazini, ambako udongo una unyevu zaidi kuliko vilimani, watafiti wamehesabu zaidi ya spishi 40 za mimea katika robo tu ya mita ya mraba. Kwa sababu hiyo msitu wenye miti mizuri iliyonyooka unaweza kuwa mgonjwa mahututi, na anayeukagua huku akitazama juu hataona ugonjwa wenyewe.

Maswali ya kuuliza kwanza

Karibu kila dalili inayoelezwa hapa chini inaweza kuletwa na zaidi ya kisababishi kimoja, ila visababishi viwili hujitokeza kuliko vingine vyote: namna eneo lilivyochomwa na namna ardhi ilivyolimwa. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza miche au dawa, tafuta mwaka na mwezi wa moto wa mwisho, pamoja na miezi ya mioto mitatu au minne iliyoutangulia. Eneo linalochomwa kila baada ya miaka mitatu mwezi Februari na lile linalochomwa kwa nafasi hiyohiyo mwezi Mei yataonekana sawa ukihesabu mioto peke yake, lakini mimea yake haitafanana.

Kisha uliza kama ardhi iliwahi kupigwa jembe. Wazee wa eneo wanaweza kujua, lakini jibu la uhakika zaidi hupatikana kwa sepetu. Chimba shimo la kina cha sentimita 40 hivi na ulisafishe ukuta wake. Ardhi iliyolimwa huonyesha tabaka la juu lenye rangi moja ya kijivu hadi sentimita 15 au 20, ambalo hukatika ghafla, kwa mstari ulionyooka, juu ya mchanga wa njano. Katika ardhi isiyolimwa rangi hiyo hufifia polepole kadiri unavyoshuka, na hakuna mstari. Mimea nayo hutoa ushahidi. Ukikuta nyasi za Andropogon virginicus, magugu ya Eupatorium capillifolium na miiba ya jamii ya Rubus ndiyo iliyotawala, shuku jembe hata kama misonobari iliyo juu yake ina umri wa kumzidi babu yako.

Jambo la tatu ni kujua mahali ulipo juu ya mwinuko, kwa sababu baadhi ya dalili si dalili hata kidogo. Sandhills, yaani vilima vya mchanga vya Carolina Kaskazini, hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, zaidi kidogo ya Dar es Salaam, lakini mchanga wa kina kirefu hauishikilii. Maji hushuka chini ya mizizi mifupi kwa muda mfupi na virutubisho hushuka nayo. Mimea ya mgongoni huishi kana kwamba iko katika nchi kame. Uutazame mwaloni wa mchangani, Quercus laevis, ulio wa kawaida kwenye migongo hiyo: vikonyo vya majani yake vimejipinda ili bapa la jani lisimame wima, ukingo mmoja juu na mwingine chini, na hivyo jua la mchana pamoja na joto linalorushwa juu na mchanga mweupe huligusa kwa ukingo tu. Mita mia mbili kutoka hapo kunaweza kuwa na kibonde chenye udongo wa tifutifu ambamo mimea jamii ya kunde, kama Tephrosia, Desmodium na Lespedeza, imejazana. Kuulinganisha mgongo wa mchanga mtupu na kibonde hicho, kisha kutangaza kwamba mgongo umeharibika, ni kosa linalofanywa mara nyingi na linalogharimu fedha nyingi.

Miche imekaa miaka kadhaa bila kurefuka

Hii ndiyo dalili inayowatia watu wasiwasi kuliko zote, na mara nyingi haina ubaya wowote. Mche wa msonobari huu hautoi shina katika miaka yake ya mwanzo. Hubaki kama kishungi cha nyasi chenye sindano ndefu zilizotoka ardhini moja kwa moja, huku nguvu yake yote ikienda kwenye mzizi mkuu. Hali hiyo inaweza kudumu miaka miwili au mitatu penye nafasi, na hata zaidi ya kumi penye ushindani. Wanaoifahamu miombo watakumbuka mninga, Pterocarpus angolensis, ambao mche wake hufa juu kila msimu wa kiangazi na kuchipua tena kwa miaka mingi hadi mzizi utakaposhiba, ndipo shina linapoondoka kwa kasi. Ni miti miwili isiyo na undugu wa karibu, na kila mmoja umejibu kwa njia yake nchi inayoungua mara kwa mara.

Kipimo cha kutumia ni unene wa shingo ya mzizi, pale mche unapokutana na udongo. Shingo inapokaribia sentimita 2.5, mche huwa tayari kurefuka. Ukipima miche kadhaa na kukuta shingo inanenepa mwaka hadi mwaka, achana nayo. Ukikuta haijanenepa, hapo kuna kisababishi cha kutafuta.

Anza na sindano zenyewe. Madoa madogo ya rangi ya majani makavu yanayogeuka kahawia, yakizungukwa na ukingo mweusi zaidi, kisha ncha ya sindano ikafa huku sehemu ya chini ikiwa bado ya kijani, ni alama ya kuvu iitwayo Lecanosticta acicola. Kuvu hiyo huenezwa na matone ya mvua yanayorukia sindano za jirani, na huipata miche kwa sababu imekaa chini kwenye unyevunyevu. Mche unaopoteza sindano zake mwaka baada ya mwaka hauna cha kuulisha mzizi, na hatimaye hufa. Tiba yake ya asili ni moto wa majira ya baridi, unaoteketeza sindano zenye ugonjwa kabla ya ukuaji mpya. Chipukizi la katikati hunusurika kwa kuwa limefunikwa na magamba na kuzingirwa na shungi la sindano zenye unyevu. Mche wa mwaka wa kwanza, hata hivyo, huuawa na moto kwa urahisi. Miche ikiwa michanga kiasi hicho, subiri.

Ikiwa sindano ni safi, chunguza kama chipukizi liko wazi. Kwenye ardhi iliyokwanguliwa kabla ya kupanda, yaani iliyoondolewa tabaka la juu la nyasi hadi ukabaki mfereji, mvua chache za nguvu hutosha kusukuma mchanga kutoka kwenye kingo za mfereji hadi kulifunika chipukizi, na mche uliozikwa hivyo haufanikiwi kurefuka. Fukua kwa kidole: ukikuta chipukizi jeupe chini ya mchanga, umepata kisababishi, na dawa ya kuvu haitasaidia kitu. Katika upandaji unaofuata chipukizi liachwe juu ya usawa wa udongo, na upana wa eneo linalokwanguliwa ufikiriwe upya.

Kisababishi kingine ni ukaribu wa miti mikubwa. Kuizunguka misonobari mikubwa kuna duara la mita kumi na kadhaa ambamo miche hudumaa, kwa sababu mizizi ya mti mkubwa hunyonya maji na virutubisho vichache vilivyopo, na pia kwa sababu sindano nyingi zinazodondoka hapo huufanya moto uwe mkali zaidi. Miche iliyodumaa chini ya mama yake huku ile ya uwazini ikistawi haihitaji tiba. Msitu huu hujizalisha kwenye mianya. Mwisho kabisa, ukikuta miche imeng'olewa na mizizi yake imetafunwa, hao ni nguruwe pori, ambao huupenda mzizi huo mnene wenye wanga na wanaweza kumaliza kazi ya upandaji wa msimu mzima kwa muda mfupi sana.

Tahadhari moja inahusu hatua inayofuata. Mche ukishaanza kurefuka na kufikia kati ya sentimita 30 na mita moja hivi, chipukizi liko sawasawa na kimo cha miali na gome bado ni jembamba. Ni wakati ambao moto uliokuwa rafiki unaweza kuua. Ikiwa sehemu kubwa ya miche ya eneo imefikia kimo hicho kwa pamoja, chagua siku ya baridi yenye moto mpole, au ahirisha mwaka mmoja.

Hakuna miche kabisa

Msonobari huu hutoa mavuno makubwa ya mbegu kwa vipindi, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano hadi saba, na mbegu zake hazilali udongoni kungoja mwaka mwema: huanguka mwishoni mwa Oktoba na Novemba, huota ndani ya wiki chache, na zisizopata udongo wazi huliwa na ndege na panya au huharibika. Kwa hiyo kukosa miche kwa miaka mitatu minne si ajabu. Katika majira ya machipuko, zihesabu kwa darubini koni za kijani zilizo juu ya miti michache iliyokomaa. Wastani wa koni 30 hivi kwa mti huchukuliwa kuwa kiwango cha kutia matumaini. Ukiupata, choma moto kabla ya mbegu kuanguka, ili zikute udongo. Kumbuka pia kwamba mbegu nyingi huangukia ndani ya mita 20 kutoka kwa mti mzazi, na kwa hiyo uwazi mpana usio na mti hata mmoja katikati yake hautajijaza wenyewe. Huko ndiko kupanda kunakostahili gharama.

Nyasi za waya zipo, lakini hazitoi mbegu

Nyasi za waya ndizo zinazoubeba msitu huu, kwa maana moto hutembea juu yake. Kaskazini ni Aristida stricta, na kusini zaidi ni Aristida beyrichiana. Majani yake ni membamba, yamejikunja hadi kufanana na uzi mgumu, na makavu yake hubaki yamesimama ndani ya kishungi kilekile pamoja na mabichi, ndiyo maana huwaka hata siku chache baada ya mvua.

Mtu anaweza kutunza eneo kwa miaka mingi, akachoma kwa ratiba bila kukosa, na asione hata suke moja la mbegu. Kisababishi karibu siku zote ni mwezi. Nyasi hizi huchanua kwa wingi pale zinapoungua kati ya Aprili na Julai, msimu ambao radi za asili ziliwasha moto, na mbegu zake hukomaa mwezi Novemba. Zikiungua Januari au Februari hutoa majani mapya ya kupendeza na masuke machache mno. Mioto ya majira ya baridi ilipendwa kwa sababu ni rahisi kuidhibiti na haigusi viota vya ndege wanaotaga chini, na hoja hizo zina uzito wake. Lakini eneo ambalo halijawahi kuungua Mei katika kizazi kizima limenyimwa uzazi. Moto mmoja wa Mei au Juni katika kila mizunguko michache hutosha kuonyesha tofauti ndani ya mwaka uleule.

Kama eneo liliungua Mei na bado hakuna masuke, tazama juu. Misonobari iliyopandwa kwa msongamano huzifunika nyasi kwa kivuli na kwa zulia la sindano, na vishungi hubaki hai kwa shida tu. Kupunguza miti, hata ile iliyonyooka vizuri, ndiyo tiba, na naelewa kwa nini mwenye shamba huona uchungu kuikata.

Nyasi za waya hazipo kabisa

Kwanza hakikisha zilipaswa kuwepo. Katikati ya Carolina Kusini kuna pengo kati ya maeneo ya spishi hizo mbili ambako hakuna hata moja kwa asili, na kuelekea Louisiana na Texas nafasi yake hushikwa na nyasi za jenasi Schizachyrium. Anayepanda nyasi za waya huko hafanyi urejeshaji. Anaingiza mmea mgeni.

Zilipopaswa kuwepo na hazipo, rudi kwenye lile shimo la sentimita 40. Nyasi za waya ni mimea inayoishi miaka mingi sana na kusambaa polepole mno. Hustahimili moto wa kila mwaka, lakini jembe likipindua mizizi yake mara moja tu, zinaweza zisirudi kwa miongo mingi, hata kama ukingo wa shamba la zamani una vishungi hai umbali wa hatua chache. Mashine za kuponda vichaka zinazozungusha ngoma yenye visu huleta madhara ya namna hiyo zikipitishwa mara kwa mara, nazo zimetumika sana kwa nia njema ya kuondoa mialoni.

Tiba ni kupanda, ama kwa mbegu zilizokusanywa Novemba kutoka eneo la karibu lililoungua wakati wa ukuaji, ama kwa miche ya kitaluni. Mbegu zake huota kwa kiwango cha chini, kwa hiyo zinahitajika nyingi, na zishindiliwe ili zigusane na udongo badala ya kutupwa juu. Iwapo fedha zinatosha kwa jambo moja tu, naona ni heri kuotesha nyasi kuliko kuongeza misonobari. Mti utakaa vizuri hata kwenye ardhi isiyo na nyasi za waya, lakini moto wake hautakwenda vizuri, na mimea mingine ya chini inayotegemea moto huo haitarudi.

Mialoni imeziba

Hapa uamuzi wa haraka hudhuru. Kuna aina mbili za mialoni katika nchi hii ya mchanga, na namna rahisi ya kuzitofautisha ni kuokota jani lililokauka. Jani la mwaloni wa mchangani, au la Quercus incana na Quercus margarettae, likikauka hujikunja na kuwa gumu, hukaa juu juu likipitisha hewa, na huwaka vizuri. Jani la Quercus hemisphaerica au Quercus nigra hulala bapa, hushikamana na mwenzake, hutunza unyevu na kuuzima moto. Mialoni ya kundi la kwanza ni wenyeji wa msitu, na kwenye mchanga mkavu kabisa miche ya msonobari iliyo karibu nayo huishi vizuri zaidi kuliko iliyo juani peke yake. Kundi la pili, pamoja na miti kama Liquidambar styraciflua na Acer rubrum, lilipanda kutoka mabondeni wakati moto ulipozimwa.

Ikiwa waliozidi ni wenyeji, kisababishi ni moto wa nadra au wa majira ya baridi peke yake, ambao huua vishina vya juu kisha vikachipua vitatu badala ya kimoja. Mioto kadhaa ya wakati wa ukuaji, inayofuatana kwa nafasi ya miaka miwili au mitatu, hupunguza kimo chao bila kuwamaliza, na hilo ndilo lengo. Ikiwa ni wageni kutoka bondeni, moto peke yake mara nyingi haufiki kwa sababu majani yao yenyewe huuzuia. Hapo shoka, msumeno au kiuagugu kinachopakwa kwenye kisiki kina nafasi yake. Viuagugu vyenye hexazinone vimetumika sana dhidi ya mialoni kwa kuwa nyasi za waya huvistahimili katika dozi ndogo, lakini mchanga hauchuji wala haushikilii dawa, na dozi iliyozidi hushuka na maji hadi kwenye mizizi ya mimea usiyoikusudia.

Misonobari mikubwa inakufa mwaka mmoja au miwili baada ya moto

Eneo limekaa miaka 40 bila kuungua. Hatimaye linachomwa kwa uangalifu, miali haizidi kimo cha magoti, hakuna tawi lililobabuka, na kila mtu anarudi nyumbani ameridhika. Mwaka unaofuata mti mkongwe unaanza kuwa na sindano za njano, kisha mwingine, na mikubwa ndiyo inayotangulia. Watu hulaumu wadudu, kwa sababu wadudu huonekana kwenye gome, au ukame, au radi.

Kisababishi kiko kwenye kitako cha shina. Kwa muda wote ambao hapakuwa na moto, sindano na magamba ya gome yamekuwa yakidondoka hapo na kuoza nusu, hadi yakafanya kilima chenye kina cha sentimita 10, 20 au zaidi. Mti, ukiona kuna unyevu na virutubisho, hupeleka mizizi yake myembamba ndani ya kilima hicho. Moto wa juu hupita kwa dakika chache, lakini tabaka lile la chini, likiwa kavu, hushika na kufuka bila miali kwa saa nyingi, wakati mwingine siku kadhaa. Joto hilo la polepole huua mizizi na kambiamu ya shina, lile tabaka hai lililo chini ya gome, pande zote. Wadudu hufika baadaye, kwenye mti ambao tayari umeshindwa.

Mti ulioungua hivyo hautibiki. Kinachowezekana ni kuzuia, na kuzuia hufanyika kwa mkono: kabla ya kuwasha, ingiza vidole hadi chini ya tabaka karibu na mashina kadhaa, ukatoe kiganja cha mabaki yaliyogusa udongo. Yakiwa makavu na yenye kupukutika, usichome, hata kama hali ya hewa ni nzuri kwa kila kipimo kingine. Yakiwa na unyevu wa kutosha kushikamana ukiyafinya, huku sindano za juu zikiwa kavu, hiyo ndiyo siku inayotafutwa, kwa kawaida siku chache baada ya mvua kubwa. Moto wa kwanza uondoe sentimita chache tu. Wa pili na wa tatu utaondoa zaidi, na kazi nzima inaweza kuchukua muongo. Kwa miti michache yenye thamani ya pekee, vuta tabaka hilo kwa reki, taratibu, kwa misimu kadhaa, ili mizizi iliyopanda ipate kushuka. Tahadhari hizi zina maana hasa ukizingatia umri wa miti yenyewe: katika hifadhi ya Weymouth Woods, mjini Southern Pines, upo msonobari ulio hai ambao pete zake zinarudi nyuma hadi mwaka 1548.

Moto haushiki

Ikiwa moto unakufa kila baada ya hatua chache na kuacha mabaka mengi yasiyoungua, angalia ni nini kinachokosekana kati ya nyasi na sindano. Penye mchanga mtupu mwingi na vishungi vilivyotawanyika, sindano zinazodondoka ndizo zinazounganisha kishungi na kishungi. Msitu uliokatwa misonobari yote hupoteza kiunganishi hicho, hata kama nyasi zake ni nzima. Kuongeza mwaka mmoja wa kungoja huwa na faida kuliko kuwasha kwa nguvu zaidi. Mabaka machache yasiyoungua, lakini, hayana ubaya: wadudu na mbegu huhitaji pa kujificha.

Mimea ya ukingo wa maji imetoweka

Pale mteremko wa mchanga unapokutana na kinamasi kuna ukanda mwembamba, wakati mwingine wa mita chache tu, unaobeba mimea adimu kuliko eneo zima lililobaki: Sarracenia flava, Lysimachia asperulifolia, na katika sehemu za Carolina mbili peke yake duniani, mtego-nzi Dionaea muscipula. Ukanda huo ukipotea, vichaka vya Ilex glabra na Cyrilla racemiflora huwa vimepanda kutoka kinamasini na kuutia kivuli.

Kisababishi cha kawaida ni mtaro wa kuzuia moto uliochimbwa kwa trekta kando ya kinamasi. Mtaro huo huzuia moto usifike kwenye ukanda, hubadilisha njia ya maji yanayochuruzika chini ya mchanga, na hupita katikati kabisa ya mimea hiyo. Wacha moto ushuke wenyewe hadi kinamasini, ambako unyevu utauzima siku iliyochaguliwa vizuri, na ufukie mtaro wa zamani kwa udongo wake uleule. Ukikuta vishimo vidogo vya duara mahali palipokuwa na mitego-nzi wiki iliyopita, huo ni wizi. Katika kaunti kadhaa za Carolina Kaskazini kuing'oa mimea hiyo bila ruhusa ni kosa kubwa la jinai tangu Desemba 2014, na mahali pa kuripoti ni kwa maofisa wa wanyamapori.

Duara la nyasi ndefu zisizojulikana

Ukiona baka la mviringo la nyasi za kijani hafifu, zenye mshipa mweupe ulioegemea upande mmoja wa jani badala ya kupita katikati, na masuke meupe ya manyoya katika majira ya machipuko, chimba kidogo. Mizizi-shina yenye ncha kali kama sindano itathibitisha kwamba ni Imperata cylindrica. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akaitambua mara moja, kwa kuwa ni mwenyeji wa kwetu na huvamia mashamba yaliyoachwa. Huko Marekani iliingia Alabama mwanzoni mwa miaka ya 1910, ikiwa imetumika kufungashia mizigo kutoka Japani, na baadaye ikaletwa tena kwa makusudi kama malisho.

Hapa kanuni ya kuchoma inageuka. Nyasi hizi hupenda moto kuliko nyasi za waya, huwaka kwa miali mirefu yenye joto la kuua hata misonobari michanga, na hurudi zikiwa nene zaidi. Baka likigunduliwa likiwa dogo, litibiwe kwa kiuagugu cha glyphosate au imazapyr kabla ya mzunguko unaofuata wa moto, likaguliwe tena mwaka hadi mwaka, na ikumbukwe kwamba imazapyr hubaki udongoni na huiua mialoni ya jirani. Trekta, matairi na buti zilizopita hapo zioshwe kabla ya kuhamia eneo jingine, kwa kuwa kipande cha mzizi chenye urefu wa sentimita chache hutosha kuanzisha duara jipya.